Sarafu za mtandao: bei ya debe haisemi uzito wa gunia

SONGEA. Mnunuzi wa mahindi anayefika soko la Majengo au Manzese haulizi bei peke yake. Akitajiwa bei ya debe, huligeuza kwanza debe lenyewe aone kama kitako hakikubonyezwa kwa ndani. Mkulima naye akitajiwa bei nono ya gunia, huuliza kama ni gunia la kilo 100 au ni lumbesa, lile linaloshonewa kilemba juu mpaka likabeba debe zima la ziada bila malipo. Wote wawili wanajua kwamba bei isiyotajiwa kipimo haijakamilika.

Ajabu ni kwamba watu hao hao, wakishika simu jioni baada ya kufunga hesabu, huisahau mizani. Wanaonyeshwa sarafu ya mtandao ambayo moja yake haifiki hata shilingi moja, wakalinganisha na Bitcoin ambayo moja ilivuka dola 100,000 mwezi Desemba 2024, na papo hapo wanakata shauri: hii ya senti ndiyo rahisi, ile ni ya matajiri. Hoja inayofuata ni ile ile vijiweni, kuanzia Lizaboni hadi Bombambili, kwamba ikifika shilingi moja tu, basi maisha yamebadilika.

Suala hili si la mzaha kwa mkoa wa Ruvuma. Mkoa huu ni miongoni mwa ile inayoongoza nchini kwa mahindi, na kuanzia mavuno ya katikati ya mwaka fedha huanza kuingia mjini kwa mikupuo: malipo ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, minada ya ufuta, mbaazi na soya kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, tumbaku ya Namtumbo, kahawa ya Mbinga. Fedha hiyo haina muda mrefu wa kupumzika. Kabla mvua za mwisho wa mwaka hazijashika, inatakiwa iwe imeshageuka mbolea na mbegu, na Januari ada za shule zinabisha hodi. Ni katika miezi hiyo michache, mtaji ukiwa mkononi na shamba bado halijauita, ndipo mfanyabiashara mdogo anapoanza kutafuta mahali pa kuuzungusha.

ZIDISHA KWANZA

Chukua sarafu iitwayo Shiba Inu, ambayo jina lake ni la aina ya mbwa wa Kijapani. Ilianzishwa Agosti 2020 ikiwa na sarafu trilioni elfu moja. Waanzilishi walimpelekea nusu yake Vitalik Buterin, mwasisi wa mtandao wa Ethereum, bila yeye kuziomba. Mei 2021 aliziteketeza sarafu zipatazo trilioni 410, yaani alizituma kwenye anwani ambayo hakuna mtu anayeweza kuzitoa tena. Zilizobaki duniani ni takriban trilioni 589.

Kwa sehemu kubwa ya mwaka 2025 bei ya moja ilicheza kati ya dola 0.00001 na dola 0.00002. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni kati ya senti mbili na nusu na senti tano za Kitanzania. Shilingi laki moja ilitosha kununua sarafu milioni mbili hadi milioni nne. Mtu akiziona milioni hizo zimejipanga kwenye kioo cha simu, hawezi kulaumiwa akijihisi mwenye mali.

Sasa ichukuliwe ile ndoto ya vijiweni na ifanyiwe hesabu. Ili kila Shiba Inu ifike shilingi moja, sarafu zote kwa pamoja zingepaswa kuwa na thamani ya shilingi trilioni 589. Pato la Tanzania Bara kwa mwaka mzima wa 2023, yaani kila kitu kilichozalishwa kuanzia dhahabu ya Geita hadi mahindi ya Peramiho, halikufika shilingi trilioni 200. Ina maana sarafu iliyoanza kama utani wa picha ya mbwa ingepaswa kuthaminiwa karibu mara tatu ya kazi ya mwaka mzima ya nchi hii. Wapo pia wanaoota ifike dola moja. Hao wanahitaji dola trilioni 589, na pato la dunia nzima kwa mwaka 2023 lilikuwa kama dola trilioni 105.

Hapa ndipo bei ya moja inapopoteza maana yake. Kinachopimwa na wenye uzoefu ni thamani yote ya soko, ambayo ni bei ya sarafu moja ikizidishwa kwa idadi ya sarafu zilizoko mikononi mwa watu. Bitcoin ina kikomo cha sarafu milioni 21, na zaidi ya milioni 19 zilikwisha kutolewa. Ni chache, kwa hiyo moja ni ghali. Shiba Inu ni nyingi kama punje za mchele, kwa hiyo moja ni senti. Kugawanya mkate vipande elfu hakuongezi unga.

Aidha, hakuna anayelazimishwa kununua Bitcoin nzima. Moja hugawanyika mara milioni 100, na kipande kidogo kabisa huitwa satoshi. Mwenye laki moja hununua vipande vya laki moja. Bitcoin ikipanda maradufu, laki moja yake inakuwa laki mbili; Shiba Inu ikipanda maradufu, laki moja inakuwa laki mbili vilevile. Idadi ya sifuri zilizotangulia au zilizofuata haimwongezei mtu hata senti.

Haki itendeke hata hivyo. Ni kweli kwamba kitu chenye thamani ndogo ya jumla kinaweza kupanda maradufu kwa fedha kidogo kuliko kitu kikubwa, kama ambavyo mnunuzi mmoja mwenye lori anaweza kupandisha bei ya mnada wa kijijini lakini hatikisi soko la Kibaigwa. Kwa kanuni hiyo hiyo, muuzaji mmoja mkubwa anaweza kuiangusha kwa asubuhi moja. Lakini udogo huo husomwa kwenye thamani ya jumla. Zipo sarafu ambazo moja inauzwa dola mia na soko lake lote ni dogo, na zipo za senti ambazo soko lake lote ni mabilioni ya dola.

SOMO LA NMB NA CRDB

Kosa hili halikuja na mtandao. Wenye hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam wameshalipitia. Mwaka 2008 Serikali ilipouza sehemu ya hisa zake za NMB kwa wananchi, bei ilikuwa shilingi 600 kwa hisa. Mwaka uliofuata CRDB iliuza zake kwa shilingi 150. Mwenye laki tatu angeweza kupata hisa 500 za NMB au hisa 2,000 za CRDB, na kwa macho ya kawaida CRDB ilionekana rahisi mara nne.

NMB ilikuwa na hisa milioni 500. Zidisha kwa 600, benki nzima ilikuwa inauzwa kwa shilingi bilioni 300. CRDB ilikuwa na hisa zipatazo bilioni 2.18. Zidisha kwa 150, unapata kama shilingi bilioni 326. Kwa hiyo ile ya shilingi 150, ikichukuliwa kwa ujumla wake, ndiyo iliyokuwa na bei kubwa zaidi.

Mwaka 2024 hisa ya NMB ilivuka shilingi 5,000 na ile ya CRDB ikavuka 600. Zile 500 za NMB zilikuwa zimezidi milioni mbili na nusu, na zile 2,000 za CRDB zimezidi milioni moja na laki mbili, gawio la kila mwaka likiwekwa kando. Si kwamba aliyenunua CRDB alipata hasara. Mara nne si haba, na wengi walishukuru. Ila wingi wa karatasi haukumsaidia kumzidi mwenzake, kwa sababu kilichopandisha hisa zote mbili ni faida ya benki.

Na hapo ndipo hisa na sarafu zinapoachana njia. Nyuma ya hisa kuna mikopo, matawi, hesabu zilizokaguliwa na mkutano mkuu ambako hata mwenye hisa kumi anaweza kusimama akauliza. Nyuma ya sarafu nyingi za mtandao kuna programu ya kompyuta na watu wanaoamini kwamba wengine watakuja kuinunua. Hivyo idadi ya sarafu, ratiba ya kuziongeza na jina la anayezishika huwa ndizo hesabu pekee anazoweza kukagua mnunuzi. Asipozikagua hizo, hana kingine cha kukagua.

MAHINDI YALIYO GHALANI

Mfanyabiashara wa Songea aliyehifadhi magunia yake akingoja bei ya Januari anajua swali moja linalomnyima usingizi: ghalani kumebaki kiasi gani? Bei sokoni inaweza kuwa nzuri kwa sababu mahindi yanayoonekana ni machache, lakini NFRA ikifungua maghala na kuyaingiza sokoni ili kupunguza makali kwa walaji, aliyenunua kwa bei ya juu anabaki na mzigo. Mahindi yale yalikuwapo siku zote, ila hayakuwa mezani.

Sarafu za mtandao nazo zina ghala, na mfano wa karibu kabisa ulionekana Nairobi. Julai 2023 sarafu iitwayo Worldcoin ilipoanza kuuzwa rasmi, maelfu ya Wakenya walipanga foleni katika jengo la KICC wapigwe picha ya mboni ya jicho. Kila aliyekubali alipewa sarafu 25, ambazo kwa bei ya siku zile zilikuwa na thamani ya kama shilingi 7,000 za Kenya. Serikali ya Kenya ilisimamisha zoezi hilo tarehe 2 Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ya huko iliamuru taarifa za miili ya watu zilizokusanywa zifutwe.

Gazeti nyingi ziliandika habari za jicho, na si bila sababu. Lakini kwa mwekezaji kulikuwa na habari nyingine iliyopita kimya. Sarafu zilizopangwa kuwapo ni bilioni 10. Siku ya kwanza zilizoruhusiwa kuwa nje hazikuzidi milioni 143, na milioni 100 kati ya hizo zilikuwa za kuazimwa na makampuni ya kuchangamsha soko. Yaani katika kila sarafu 100, chini ya mbili ndizo zilizokuwa mezani. Zilizobaki zilikuwa ghalani, zikisubiri kutolewa mwaka hadi mwaka kwa watumiaji, kwa waanzilishi na kwa wale waliotoa mtaji wa awali.

Bei ya siku zile za mwanzo ilikuwa kama dola 2. Machi 2024 ilivuka dola 11. Aprili 2025 ilikuwa chini ya dola moja. Wakati huo sarafu zilizoko nje zilikuwa zimepita bilioni moja. Sasa angalia maajabu ya hesabu: ukizidisha, thamani yote ya soko mwaka 2025 ilikuwa kubwa kuliko ya siku ya kwanza, ilhali aliyenunua sarafu moja siku ya kwanza amepoteza zaidi ya nusu ya fedha yake. Mradi ulikua. Fungu la kila mmoja lilipungua kwa sababu wagawanaji waliongezeka.

Kwa hiyo anayepima sarafu hupiga hesabu mbili. Ya kwanza ni bei mara idadi iliyoko nje. Ya pili ni bei mara idadi yote itakayokuwapo ghala likishafunguliwa. Zikikaribiana, hatari ya kufurikwa ni ndogo. Bitcoin ni mfano wa namna hiyo. Ya pili ikiizidi ya kwanza mara kumi au mara hamsini, mnunuzi wa leo anakaa mlangoni pa ghala la mtu mwingine, na funguo hana.

Zipo pia zisizo na ghala wala ukomo, zinazozalishwa tu. Dogecoin, iliyoanzishwa kama mzaha mwezi Desemba 2013, huongezewa sarafu bilioni 5 kila mwaka na hakuna mwisho uliowekwa. Mei 2021 bei yake ilipanda hadi karibu senti 73 za dola, na shauku ya kufika dola moja ikawa kubwa kila kona ya dunia. Haikufika. Kila mwaka unaopita, safari ya kufika dola moja inahitaji dola bilioni 5 zaidi kuliko mwaka uliotangulia, kabla ya yeyote kuona faida. Bitcoin yenyewe inakwenda kinyume: zawadi ya wanaozizalisha hukatwa nusu kila baada ya miaka kama minne, na mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2024.

Mfano mbaya kuliko yote ni wa sarafu ya Luna. Mwanzoni mwa Mei 2022 zilikuwapo kama milioni 350 na moja iliuzwa kwa takriban dola 80. Ilikuwa imefungamanishwa na sarafu dada iliyoahidiwa kubaki na thamani ya dola moja, na ahadi ile ilipoanza kuyumba, programu iliamriwa izalishe Luna nyingi ili kuiokoa. Katika muda wa wiki moja idadi ilifika trilioni 6.5 na bei ikawa sehemu ndogo sana ya senti. Wengi walioumia hawakuwa wamenunua kwa dola 80. Walinunua katikati ya wiki ile, kwa sababu bei ilikuwa imeshuka kwa asilimia 99 na wakadhani haina tena pa kwenda. Kitu kilichoshuka asilimia 99 kinaweza kushuka asilimia 99 nyingine, na Luna ilifanya hivyo zaidi ya mara moja.

NANI ATAINUNUA?

Bei iliyoandikwa ubaoni ghala likiwa limefungwa haimlipi mkulima. Kuna sarafu iliyotumia jina la tamthilia ya Kikorea ya Squid Game ambayo mwishoni mwa Oktoba 2021 ilianza kupanda bila kupumzika, na tarehe 1 Novemba ikapita dola 2,800 kwa moja. Walioinunua walikuwa matajiri kwenye simu zao. Walipojaribu kuuza waligundua kwamba haiwezekani. Programu iliwaruhusu kununua tu. Kwa dakika chache bei ikaanguka hadi karibu sifuri na waliotengeneza wakatoweka na zaidi ya dola milioni 3.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake. OneCoin, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Ruja Ignatova kutoka Bulgaria, iliuzwa kwa nguvu nchini Uganda, ikawafikia hata watu wa kipato cha chini kabisa. Bei yake ilipanda kwenye tovuti ya kampuni kutoka nusu yuro hadi karibu yuro 30. Mwaka 2016 wanachama walitangaziwa kwamba sarafu zao zimeongezwa maradufu, na bei haikushuka. Yeyote aliyewahi kuuza nyanya angeshtuka: mzigo umekuwa mara mbili kwa usiku mmoja na bei imebaki pale pale? Ilibaki pale kwa sababu haikuwa bei ya soko, ilikuwa namba iliyoandikwa na kampuni. Hakukuwa na soko huru la kuiuza wala daftari halisi la pamoja ambalo mtu wa nje angeweza kulikagua. Ignatova alitoweka Oktoba 2017, na mshirika wake Karl Sebastian Greenwood alihukumiwa nchini Marekani kifungo cha miaka 20 mwezi Septemba 2023. Waendesha mashtaka walikadiria kwamba watu walichukuliwa dola bilioni 4.

Watanzania waliokuwa watu wazima mwaka 2009 hawahitaji kwenda Uganda. DECI iliwaambia wapande mbegu wavune, na hakukuwa na sarafu wala intaneti ndani yake. Lugha ilikuwa ya shamba kabisa, na labda ndiyo maana iliingia kirahisi.

Kwa hiyo, pamoja na kuzidisha, mwenye tahadhari hutazama kiasi kinachouzwa na kununuliwa kwa siku, na katika masoko mangapi yasiyo ya kampuni iliyotoa sarafu hiyo. Njia ya uhakika zaidi, ingawa wengi huona uvivu kuifanya, ni kununua kiasi kidogo sana, tuseme cha shilingi elfu kumi, kisha kukiuza siku hiyo hiyo na kuona kama fedha inarudi kwenye simu. Sarafu isiyopita mtihani wa elfu kumi haistahili laki.

HESABU YA MWENYE LAKI TANO

Sheria nayo ina nafasi yake. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwa umma ikionya dhidi ya sarafu hizi na kukumbusha kwamba fedha halali nchini ni shilingi. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ijiandae kwa mabadiliko hayo. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Wapo wanaoitafsiri kodi hiyo kuwa ni kibali. Kutozwa kodi ni jambo moja na kulindwa ni jingine: mwenye hisa anaweza kupeleka malalamiko Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na mwenye akaunti ya benki ana Bodi ya Bima ya Amana nyuma yake. Mwenye sarafu aliyetapeliwa na mtu asiyemfahamu ana kituo cha polisi na uvumilivu. Kenya ilipitisha sheria yake ya watoa huduma za mali hizi mwezi Oktoba 2025.

Gharama zenyewe zinahitaji kupigiwa hesabu kabla ya kuota. Tuseme mtu wa Mfaranyaki ana laki tano na ananunua kwa mtu binafsi kwa malipo ya simu. Tuseme pia muuzaji anajiwekea asilimia 2 juu ya bei ya dunia, na siku ya kuuza mnunuzi anamkata asilimia 2 nyingine. Laki tano inaingia ikiwa na thamani ya 490,000, inatoka ikiwa 480,200. Kodi ya asilimia 3 ikikatwa inabaki kama 465,800, na ada za kutuma na kutoa fedha bado hazijaguswa. Sarafu yenyewe haikupanda wala haikushuka, lakini shilingi 34,200 zimekwenda. Inatakiwa ipande zaidi ya asilimia 7 ndipo mtu huyo arudi alipoanzia.

Kisha kuna muda. Aliyeingiza laki tano yake kwenye Bitcoin ilipokuwa karibu dola 69,000 mwezi Novemba 2021, mwaka mmoja baadaye alikuwa na kama laki moja na elfu kumi na tano. Bitcoin haikuwa utapeli, haikuongezewa idadi kinyemela, na ilikuwa na wanunuzi kila dakika. Ilishuka tu, ikiwa ni pamoja na mtikisiko wa kufilisika kwa soko la FTX mwezi huo wa Novemba 2022. Aliyevumilia aliiona bei yake ikirudi Machi 2024. Kwa mtu mwenye mshahara wa mwezi, hiyo ni hadithi ya subira iliyolipa. Kwa mkulima wa Madaba au Namtumbo, kati ya Novemba 2021 na Machi 2024 kulikuwa na misimu mitatu ya kupanda, na kila msimu ulihitaji mbolea kwa fedha taslimu. Angelazimika kuuza kwa hasara katika mmojawapo. Sarafu ile ile, kwa bei ile ile, ni kitega uchumi kwa mmoja na kitanzi kwa mwingine, kutegemea fedha inahitajika lini.

Kwa sababu hiyo baadhi ya wanaoagiza bidhaa nje hawashughuliki kabisa na sarafu za kupanda na kushuka. Hutumia zile zilizofungwa kwenye dola, hasa USDT, kama chombo cha kuhamishia malipo. Hizo bei yake imekusudiwa kubaki dola moja, kwa hiyo kuuliza kama itapanda ni sawa na kuuliza kama kilo moja itazidi gramu elfu. Swali lake ni lingine: kama kampuni inayozitoa ina akiba ya kutosha kuzirudisha dola wenye nazo wote wakizitaka.

Namba zote zinazotakiwa kwa hesabu hizi hupatikana bila malipo kwenye simu, katika orodha za CoinMarketCap na CoinGecko. Tatizo ni kwamba bei imeandikwa mwanzo kwa herufi nzito, na nyingine zinataka kutafutwa chini zaidi. Mtafutaji aruke bei kwanza, aende kwenye thamani ya soko. Kisha thamani itakayokuwapo sarafu zote zikishatoka. Kisha kiasi kilichouzwa kwa saa 24. Chini yake hukuta idadi tatu: ya sarafu zilizoko nje, ya zilizokwisha kuzalishwa, na ya mwisho zitakapokoma. Penye idadi hiyo ya mwisho Bitcoin imeandikiwa milioni 21. Dogecoin haina namba, ina alama inayofanana na nane iliyolala chali, ambayo maana yake ni kwamba hazitakoma.